Mwongozo kamili wa kuandaa kona ya utabiri kwenye pati ya mavazi ya kuigiza

Mtu akikaa kwenye kiti mbele ya mtabiri, hata kama anacheka na kusema aah mi hivi vitu siamini, angalia mkono wake, anaukunjua mwenyewe kabla hujamwambia. Hapo ndo utajua kwanini hii kona inapendwa. Watu wamevaa mabawa, mapanga ya plastiki, mandevu ya bandia, muziki uko juu, kila mtu anapiga picha na kila mtu, alafu kwa dakika tatu nne kuna mtu mmoja anakutazama wewe tu na anazungumza habari zako. Kwahiyo chochote utakachopanga, kuanzia mahesabu ya muda mpaka taa, kipange kwa ajili ya hizo dakika chache za mgeni. Mtabiri anayetaka aonekane ana nguvu za ajabu ataharibu, anayetaka mgeni wake anyanyuke na tabasamu atafanikiwa hata kama hajui karata moja.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya watu na muda kwanza

Hapa ndo wengi wanapokwama, wanaanza kununua vitambaa vya kumetameta kabla hawajajua watu wangapi watapita. Chukua wageni 30, kila mmoja dakika 5, hizo ni dakika 150, na bado hujahesabu mtu kunyanyuka, mwingine kukusanya gauni lake lenye pindo refu, kukaa, kuvua glavu. Weka dakika 1 ya kupishana unafika dakika 180, masaa matatu kamili mtabiri hajanywa hata maji. Haiwezekani, na sauti yake itakauka.

Mpango unaofanya kazi ni watabiri wawili, meza mbili zilizoachana, kila mgeni dakika 4 na moja ya kupishana. Kwa dakika 90 kila meza inahudumia watu 18, jumla 36, na katikati mnapumzika dakika 10 nje ya hizo 90. Kama mtabiri ni mmoja tu basi usiahidi kila mtu, weka namba 15 na wengine wapate michezo ya kujihudumia ambayo ntaielezea chini.

Usifungue kona pati inapoanza. Watu wakiwa ndo wanaingia wanataka kuonyeshana mavazi, waache. Fungua kama saa moja baadae, na funga mapema kabla watu hawajachoka, maana mtu aliyechoka na aliyekunywa sana ndo anauliza maswali mazito ambayo hutaki kuyajibu. Na foleni usiiruhusu kabisa! Mtu amevaa manyoya ya dubu umsimamishe dakika arobaini, ataondoka na hasira. Gawa vikaratasi vya namba mlangoni, mtu mmoja awe na kengele, anaita namba, basi.

Hatua ya 2: Chagua mtabiri

Watu wanakimbilia kumchagua yule rafiki mwongeaji, mchekeshaji wa kundi. Mi nakushauri mchague yule anayesikiliza, yule ambaye ukimwambia kitu leo mwezi ujao anakuuliza kiliishaje. Mwongeaji atajaza dakika nne na maneno yake na mgeni ataondoka hajafungua mdomo.

Akishakubali, afanye mazoezi na watu watatu tofauti, na saa iwe mezani. Mara ya kwanza atapitisha dakika kumi, ni kawaida, ya tatu atakua ameshajua wapi pa kukata.

Ukiamua kumlipa mtu wa kazi hiyo, muulize swali moja kabla ya bei: mgeni akikuuliza kama mama yake atapona utamjibu nini? Jibu lake litakwambia kila kitu. Mkikubaliana andikeni muda wa kuanza na kumaliza, atahudumia watu wangapi, na kwamba hatamuuzia mgeni yeyote huduma nyingine pale mezani.

Hatua ya 3: Weka mipaka, na iandike

Niliwahi kuhudhuria pati moja iliyopangwa vizuri sana, taa nzuri, joho zuri, mtabiri anaongea kwa sauti nzito mpaka raha, akamwambia binti mmoja "naona kiti kimoja nyumbani kwenu kitabaki wazi". Alitaka kuleta msisimko tu. Yule binti baba yake alikua amelazwa wiki hiyo, na mezani hakuna aliyejua. Alinyanyuka taratibu, akavua barakoa, akatafuta koti lake, na hakuna aliyeweza kuyarudisha yale maneno. Tangu siku hiyo mtu akiniomba nimsaidie kupanga kona kama hii, hiki ndo kitu cha kwanza nakiweka mezani.

Visivyoguswa ni kifo, ugonjwa, ajali, mimba na uzazi, ndoa kuvunjika, nani anamsaliti nani, kesi, na pesa za kuwekeza. Hata kama mgeni mwenyewe anauliza. Mtabiri awe na sentensi moja tayari mdomoni, mfano "hilo ni kubwa kuliko meza hii, nipe swali la wiki hii", anaisema kwa upole anaendelea. Alafu kuna watu ambao imani yao hairuhusu kabisa kutazamiwa hata kwa mchezo, wasichokozwe wala kuvutwa mkono. Kwenye mwaliko taja wazi kwamba kutakua na kona ya utabiri wa kujifurahisha, mtu ajue mapema, na kona yenyewe ikae pembeni ili asiyetaka asilazimike kuipita. Watoto wakiwepo wapewe vikaratasi tu, kwa sababu mtoto anakwenda kulala na neno aliloambiwa.

Hatua ya 4: Chagua michezo

Mezani mtabiri awe na kitu kimoja, viwili mwisho. Ukimpa karata, kiganja, kioo na vikombe atachanganyikiwa.

*Karata za kawaida* ndo rahisi kuliko zote. Kopa ni mambo ya moyo na nyumbani, uru ni pesa na habari, pau ni kazi na marafiki, shupaza ni vikwazo. Mgeni anachanganya mwenyewe, anachagua tatu, ya kwanza kilichopita, ya pili sasa hivi, ya tatu kinachokuja. Shupaza ikitokea sema ni kikwazo kidogo ambacho tayari anajua jinsi ya kukiruka, na muulize ni kipi, atakwambia mwenyewe.

*Taroti* ni seti ya karata za picha, ziko 78, yaani 22 zinazoitwa kubwa na 56 zinazoitwa ndogo. Ilianza kaskazini mwa Italia kwenye karne ya 15 kama mchezo wa karata tu, mambo ya kutabiria yalikuja kushika Ufaransa karne ya 18. Picha ambazo watu wengi wanazijua zilichorwa na Pamela Colman Smith na zikatolewa London mwaka 1909. Kwenye pati usitumie zote, chukua zile 22 kubwa, alafu toa namba 13 ambayo ni Kifo, namba 15 Shetani na namba 16 Mnara. Wanaozijua taroti watakwambia Kifo maana yake ni mabadiliko, sawa, lakini mgeni ameshaona mifupa imepanda farasi, maelezo yako yanachelewa. Karata 19 zinatosha.

*Kiganja* ni kizuri kwa sababu hakihitaji kifaa. Mistari mitatu inatosha: wa moyo uko juu chini ya vidole, wa kichwa unakata katikati, wa uhai unazunguka nyama ya kidole gumba. Shika mkono wa mgeni kwa chini, uegemee mkono wako, usiubane, na omba ruhusa kwanza. Mstari wa uhai uzungumzie kama nguvu na hamu ya kufanya mambo, kamwe usitaje urefu wa maisha, kila mtu amewahi kusikia huo uvumi kwamba mfupi ni kufa mapema na anakuangalia usoni aone unaona nini.

*Ramli ya mchanga* mi naipenda kuliko zote, na neno lenyewe ramli limetoka kwenye Kiarabu, raml, yaani mchanga. Chukua sinia, mimina mchanga mkavu usawazishe. Mgeni anafumba macho, anadonoa mchanga kwa ncha ya kidole mstari mzima bila kuhesabu, anarudia mistari minne. Sasa unahesabu vidonoo vya kila mstari, vikiwa witiri unaandika nukta moja, vikiwa shufwa nukta mbili. Mistari minne inakupa umbo moja kati ya 16, hayazidi hapo. Wapiga ramli wenyewe wanajenga maumbo mengi wakayaunganisha, we kwenye pati moja linatosha. Lenye nukta moja moja kote linaitwa Njia, lenye mbili mbili kote ni Jamaa. Andaa kadi 16 za maana, kila kadi sentensi mbili, mfano Njia ni safari au kubadilisha unachofanya, Jamaa ni watu watakaokuzunguka. Uzuri wake ni kwamba mgeni ametengeneza umbo kwa mkono wake mwenyewe, na ule mchanga chini ya kidole unamtuliza mtu, utaona hata pumzi inashuka.

Ya kujihudumia sasa. *Pete kwenye uzi*: uzi wa kama sentimita 25, pete nzito kidogo, na karatasi imechorwa msalaba, mstari mmoja umeandikwa ndio mwingine hapana. Mgeni anaweka kiwiko mezani, anashika uzi kwa vidole viwili, anauliza, na pete inaanza kutembea yenyewe bila yeye kuhisi ameisukuma! Mwaka 1852 daktari wa Uingereza William Carpenter alieleza kinachotokea, ni misuli inafanya vijimiondoko vidogo kufuata wazo la mtu mwenyewe bila yeye kujua. Kwa maana nyingine pete inamwonyesha mtu jibu ambalo tayari analitarajia, na kwangu hilo linavutia kuliko uchawi wowote.

*Kopo la majibu*: andika majibu 20 mafupi ukunje. Ile toi ya Magic 8 Ball ndani yake ina majibu 20, kumi ni ndio, matano hayajulikani, matano hapana, na huo mgawanyo ni mzuri, ufuate. Hapana zikizidi kopo linaachwa.

*Majani ya chai* yanafaa kama una kona tulivu. Kikombe cheupe chenye mdomo mpana, chai bila chujio na iwe imepoa ya kunyweka, mgeni anabakisha kama kijiko kimoja, anazungusha mara tatu, anageuza juu ya kisosi anasubiri dakika moja. Soma maumbo ya majani yaliyoganda, ya karibu na mdomo wa kikombe ni mambo ya karibuni, ya chini ni ya mbali, upande wa mkono wa kikombe ni nyumbani kwake. Inachukua muda, usiiweke kama wageni wako ni wengi.

*Nta kwenye maji baridi* imetokana na ile ya Ujerumani ya mkesha wa mwaka mpya ambapo watu walikua wanayeyusha madini ya risasi, wanayamwaga majini na kusoma umbo. Risasi ni sumu, na tangu mwaka 2018 vifurushi vyenye risasi haviruhusiwi kuuzwa kwenye Umoja wa Ulaya, kwahiyo tumia nta tu. Iyeyushe kwenye bakuli dogo lililokaa ndani ya maji ya moto, jikoni sio ukumbini, na mtu mzima ndo amimine. Sekunde chache tu inaganda na kila mtu anaona kitu chake, mmoja ndege, mwingine kiatu.

Hatua ya 5: Andika maneno kabla ya siku

Hii hatua ipe jioni nzima. Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 maelezo ya tabia zao, kila mmoja akidhani ameandikiwa yeye, akawaambia wayape alama kutoka 0 mpaka 5 yanavyowafaa. Wastani ulifika 4.26, na kumbe wote walipewa karatasi moja ileile, sentensi nyingi kaziokota kwenye kitabu cha unajimu. Maana yake ni kwamba maneno yenye nafasi ndani yake mtu atayajaza na maisha yake mwenyewe. Huo uwezo utumie kumpa mtu moyo.

Ila "utafanikiwa maishani" ni neno bovu, halina mahali pa kushika. Andika kitu kidogo, cha karibu, chenye picha. "Kuna kitu ulikianza ukakiacha katikati, hakijaharibika, kinakusubiri." Au "Mtu uliyemsaidia bila kujua anakukumbuka vizuri." Au "Wiki hii utacheka mpaka machozi na mtu ambaye hamjaonana siku nyingi." Soma kila moja kwa sauti, kama ukijisikia aibu kidogo ujue ni tamu mno, punguza.

Sasa kwa sababu hii ni pati ya mavazi una nafasi ambayo sherehe nyingine hazina, andika utabiri unaotimia usiku uleule. Waulize wageni mapema watavaa nini, alafu tengeneza vikaratasi jozi jozi. Mwenye joho jekundu anapewa "Kabla usiku haujaisha mtu mwenye mabawa atakuomba umfundishe kitu." Na mwenye mabawa anapewa "Bahati yako leo iko kwa mtu mwenye joho jekundu, mwombe akufundishe kitu chochote anachokijua." Hawajuani, mmoja amekuja na binamu yake, mwingine kaalikwa kutoka kazini, na ghafla mmoja anamfundisha mwenzake kukunja karatasi iwe ndege pembeni ya spika! Utabiri umetimia na watu wawili wamepata pa kuanzia. Ziandike namba kwa nyuma, 7A na 7B, ili mtabiri asichanganye, na uwe na jozi mbili za akiba maana kuna watakaobadili vazi dakika ya mwisho. Kwa wageni 30 andika vikaratasi 45, jozi kama nane humo ndani, vilivyobaki vya kawaida.

Hatua ya 6: Kona yenyewe

Iweke mbali na spika, mahali mtu anaweza kuongea kwa sauti ya kawaida. Kiti cha mgeni kiangalie ukuta au pazia, kisiangalie ukumbi, asione watu wanaomtazama na wao wasione uso wake. Meza ndogo ni bora, kubwa inawatenganisha.

Mishumaa yenye moto usiweke, nakuomba. Mawigi, mabawa ya manyoya, vitambaa vya nailoni, mikono mirefu ya majoho, vyote vinashika moto haraka na mtu anainama juu ya meza. Taa za betri zenye mwanga wa njano zinatosha, moja pembeni chini ya usawa wa uso, na nyingine juu ya karata ili zionekane. Mpira wa kioo ukiwa nao ufunike mchana, usiuache dirishani, kioo cha duara kinakusanya jua kwenye nukta moja na kinaweza kuunguza kitambaa.

Vazi la mtabiri: watu wengi wanakimbilia kuigiza Waroma, ile jamii ya Ulaya ambayo watu waliizoea kwa jina la Gypsy, hereni kubwa na kilemba na lafudhi ya kubuni. Achana nalo, hao ni watu halisi waliodharauliwa na kufukuzwa kwa vizazi vingi, na mgeni anaweza kuwa mmoja wao. Mnajimu mwenye joho la nyota, nahodha na ramani yake, bundi, roboti anayetoa utabiri kwenye risiti, zote zinapendeza zaidi. Chochote kile, macho na mdomo viwe wazi, barakoa ya uso mzima inamnyima mgeni kile alichokifuata.

Hatua ya 7: Dakika nne zenyewe

Dakika ya kwanza ni ya mgeni, muulize amevaa nini na kwanini alichagua hicho. Usiruke hili hata kama foleni ya namba ni ndefu. Mtu aliyejivika nahodha atakwambia babu yake alikua baharia, na hapo umeshapata kila unachohitaji. Dakika ya pili anachanganya karata au anadonoa mchanga, we kaa kimya, ukimya huo usiuogope. Ya tatu unasoma, unaunganisha karata na alichokwambia, na unamuuliza "hii inakukumbusha nini?" kuliko kumtangazia. Ya nne unampa kikaratasi chake mkononi, kimekunjwa, unamwambia akisome akishaondoka mezani. Yule mwita namba anagonga kengele taratibu mara moja dakika ya nne ikianza, sio ikiisha.

Mgeni akianza kulia, na hutokea, weka karata chini na uache kuigiza. Ongea kwa sauti yako ya kawaida, mpe maji, muulize kama anataka umwitie mtu, na mwita namba asimwite mwingine kwanza. Pati itasubiri.

Kufunga

Namba ya mwisho ikishapita zima taa ya meza ili watu wajue pamefungwa, wengine wataendelea kuja wakiona mwanga. Kabla hamjakunja kitambaa, yule mwita namba amkalishe mtabiri kwenye kiti cha mgeni amsomee karata tatu, kwa sababu ye usiku kucha hakusomewa. Mchanga urudishe kwenye mfuko wake kavu. Maji yenye nta usiyamwage kwenye sinki, vipande vitaziba bomba, viokote kwa mkono kwanza vikiwa vimeganda, na vile ambavyo wageni waliviacha vipange dirishani pale mlangoni, asubuhi kuna atakayekuja kuulizia ndege wake.